Damu Ndani ya Damu

Mtaani mume walimwita Kisu na mke walimwita Fundi, kwa sababu mume alikuwa na bucha na mke alikuwa na cherehani. Wapenda utani waliiita nyumba yao nyumba ya vyuma. "Huyu anakata, huyu anashona," walisema, "ukigombana nao hujui utatoka umepunguzwa au umetiwa kiraka." Kisu akiyasikia hayo alicheka mpaka tumbo likatikisika, na tumbo alikuwa nalo. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi buchani, hakusalimika. Kwa vile alikuwa mwembamba na ulimi wake mkali, walimbatiza Wembe.

Bucha ilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye vigae vyeupe, kulabu za chuma zilizoning'inia kwenye bomba, mizani, na gogo la kukatia lililolika katikati kama sahani ya supu. Nyuma yake kilikuwepo chumba kidogo chenye mashine ya kusaga nyama na kabati la bati la kufukizia moshi. Humo ndimo Kisu alimotengeneza soseji zake. Harufu ile ilitoka mchana na kuingia madirishani mwa watu bila kubisha hodi. Wanafunzi walipotoka shule walipanga foleni, na walimu wao nyuma yao. Kisu hakuwahi kuuza ncha za soseji, zile zinazokunjamana na kuungua kidogo. Hizo alizitafuna mwenyewe amesimama, kama wengine wanavyotafuna karanga.

Nyumbani chakula kilifuata kazi. Asubuhi ini la kukaanga na chai, mchana nyama, jioni mchuzi wa mifupa yenye uboho. Kitu ambacho hakikuwa na damu katika uhai wake, Kisu alikiita pambo la sahani. Fundi alimpikia mboga, naye akazisukuma pembeni kwa uma, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni njia. Maziwa hakuyagusa. "Mama wa ndama hakunitaja mimi kwenye wosia," alisema.

Na Fundi alikuwa akimfulia. Hilo alilifanya tangu ndoa ikiwa changa, hata baada ya binti yao kukua na kujitolea kumsaidia. Alijua damu kuliko wauguzi wengi. Alijua kuwa ukiitia maji ya moto inapikika ndani ya nyuzi na haitoki tena. Kwamba yataka maji baridi, chumvi, subira, kisha ndipo sabuni. Kila jioni aliloweka aproni, shati na suruali kwenye beseni nyuma ya nyumba, na maji yakageuka rangi ya chai ya rangi. Hakuwa akitazama. Nani hutazama kitu anachokiona kila siku?

Mwaka ule Kisu alianza kupungua. Watu wakampongeza. Mkewe mwenyewe alimpunguzia suruali kiunoni, akatania kwamba sasa ataonekana kijana na yeye ataachwa. Alikwenda chooni mara nyingi, akakaa sana. Akawa anachoka mapema na kumwachia Wembe kazi ya kubeba. Jioni moja Fundi aliinua suruali yake kabla ya kuiloweka, akaona doa kubwa kwenye makalio.

"Umekalia nini wewe?"

"Ndoo ya matumbo," alijibu Kisu bila kugeuka. "Wembe aliiacha njiani."

Fundi akacheka, akaizamisha suruali majini. Madoa ya namna ile yalirudi tena na tena, naye hakuuliza tena, kwa sababu bucha ina ndoo nyingi na Wembe alikuwa mzembe kwa kuzaliwa.

Siku aliyoanguka, ilikuwa asubuhi, wateja wamejaa. Lori lilileta nyama, Kisu akachukua paja la ng'ombe begani kama alivyofanya ujana wake wote. Alipofika mlangoni alianguka. Alilala chini na paja juu yake, na kwa kitambo watu walicheka wakidhani ameteleza. Binti ndiye aliyeona midomo ya baba yake imekuwa rangi ya majivu. Alipiga kelele mpaka Fundi, aliyekuwa kwenye cherehani yake nyumba ya pili, akaja mbio na futi ya kupimia bado shingoni.

Hospitalini walimwongezea damu. Fundi alitazama chupa ile ikidondoka tone kwa tone, akashangaa kwamba mtu aliyeshinda kwenye damu maisha yake yote angeweza kupungukiwa nayo. Kisha wakamfanyia kipimo cha kamera, wakakata kipande kidogo, wakakipeleka maabara, mume na mke wakaambiwa wasubiri. Walisubiri. Kisu aliwatania wauguzi kwamba kipande hicho wakikipima vizuri watamrudishia chenji.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na miwani aliyoivua kila alipotaka kusema neno zito. Siku ya majibu aliivua kabla hawajakaa.

"Mzee, tumekuta saratani kwenye utumbo mkubwa. Sehemu ya chini, karibu na mwisho."

"Pale unapokunja kona," alisema Kisu.

"Hapo hapo."

"Napajua. Ni pagumu kusafisha." Akasogeza kiti mbele. "Mnakata?"

"Tungekata pale tu, kama ingekuwa imekaa pale tu. Lakini imeshafika kwenye ini."

Kisu aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya goti, akaukunja, akaukunjua. 

"Daktari," alisema Fundi, "ni nyama?"

"Ah, mke wangu!"

"Niache niulize. Kuuliza si ujinga. Daktari, huyu ni mtu wa bucha. Amekula nyama asubuhi, mchana na jioni tangu nimjue. Na soseji. Mpishi ni mimi. Nataka kujua kama nilikuwa napika ugonjwa."

Kisu alimgeukia daktari kabla hajajibu. "Baba yangu alikula nyama mpaka meno yakaisha, akaanza kuinyonya. Amekufa mzee wa kusahau majina ya wajukuu. Mwambie mama huyu asijitese."

Daktari aliiweka miwani mezani. "Wote wawili mna haki," alisema. "Watu wengi sana wamefuatiliwa kwa miaka. Wanaokula sana nyama nyekundu, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, ya nguruwe, wanaonekana kuupata ugonjwa huu zaidi ya wanaokula kidogo. Na zile zilizosindikwa, soseji, za moshi, za chumvi, hizo ushahidi wake una nguvu zaidi. Samaki na kuku hatujaona ubaya huo. Maziwa yanaonekana hata kukinga kidogo."

"Maziwa," alisema Fundi.

"Lakini hiyo ni habari ya umati, mama. Kati ya umati wanaougua wataongezeka kidogo. Ukiniletea mtu mmoja ukaniuliza kwa nini yeye, sina jibu. Kuna umri. Kuna ukoo. Kuna sigara, pombe, unene, kukaa bila kujongea. Na kuna bahati mbaya tu. Nawapokea hapa watu ambao hawajawahi kuila soseji hata moja."

"Kwa hiyo unajua na hujui," alisema Fundi.

"Najua na sijui," alikubali daktari, na alionekana kama mtu aliyeshikwa akiiba. Akavaa miwani yake. "Nami nina swali. Damu chooni, mliiona?"

Kisu akatazama dari.

"Niliiona," alisema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua za mwaka jana."

"Ulimwambia nani?"

"Muuza dawa za bawasiri. Aliniuzia unga. Ningemwambia nani mwingine, binti yangu? Haya si mambo ya kusimulia mezani."

Ndipo Fundi alipoiona ile suruali. Hakuiona moja; aliziona zote, zimepangana kwenye kamba ya nguo mpaka mwaka jana, na chini ya kila moja beseni.

"Mimi niliifua," alisema.

Daktari hakuelewa. "Ulifua nini, mama?"

"Hiyo damu. Nilikuwa naifua kila jioni, kwa mikono yangu hii. Nilidhani ni ya ng'ombe."

Huko kwenye korido kitanda cha magurudumu kilisukumwa kikapita. Daktari alinyoosha mkono akaushika wa Fundi. "Hata mimi ningedhani hivyo," alisema. Alisema kweli, na ukweli huo haukumsaidia Fundi hata chembe.

Kabla hawajatoka, daktari aliwaambia jambo moja zaidi. Ugonjwa huu hupenda kupita kwenye damu ya ukoo. Mtoto wa mgonjwa, na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa mwenyewe, wapimwe kwa kamera, hata kama hawaumwi chochote, kwa maana ukionekana mapema, bado ni kijinyama tu ukutani mwa utumbo, hukatwa na mtu akaenda zake nyumbani. Fundi aliyapokea maneno hayo akayaweka pembeni, kama mtu anayepewa mzigo wa pili na wa kwanza bado haujakaa sawa kichwani.

Nyumbani habari zilifika kabla yao. Watu wakaja, na kila aliyekuja alikuja na dawa au na mwiko. Jirani wa kulia alisema sukari ndiyo adui. Jirani wa kushoto alisema sukari haina neno, tatizo ni mafuta. Mwenye duka la vyombo alileta majani ya kuchemsha. Shangazi yake Kisu alileta mizizi na masharti, moja ya masharti likiwa mgonjwa asitazamane na mtu aliyeshiba. Fundi alipika vyote. Alichemsha, akasaga, akachuja. Alipiga marufuku nyama jikoni, akanunua maharage, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa, na maziwa kila asubuhi. Aliyashika maneno ya daktari kwa upande ule unaoshikika, ingawa alijua kuwa kinga ya kesho haiponyi ugonjwa wa jana.

Kisu alikula majani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kisha akaweka kijiko.

"Mke wangu, nimeuza mbuzi maisha yangu yote," alisema. "Sikujua kama nitaishia kuwa mmoja wao."

Fundi alicheka, kisha akaenda jikoni akalia na mwiko mkononi. Aliporudi alimkuta ameyamaliza majani yote, sahani imekuwa safi. Na hilo lilimuumiza zaidi, kwa kuwa mume wake hakuwa mtu wa kutii.

Walimfanyia upasuaji, si wa kuitoa saratani bali wa kuipishia njia, maana ilikuwa karibu kuziba kabisa. Alirudi na mfuko tumboni, ubavuni upande wa kushoto, ambamo choo kilitoka chenyewe bila kumwomba ruhusa. Siku za mwanzo alikataa mtu yeyote auone. Alijifungia chumbani, akasikika akiusemesha kwa matusi. Fundi hakubishana naye. Alikaa kwenye cherehani akatafuta kitambaa laini cha pamba, cha buluu yenye mistari myembamba, akashona vifuko vya kuuvalisha mfuko ule, na mshipi wa kuushikilia chini ya shati. Alimpelekea bila neno.

Kisu aligeuza kimoja mkononi. "Umekitia na pindo," alisema.

"Wewe uliniona lini nikishona kitu bila pindo?"

Tangu siku hiyo alimruhusu kuusafisha. Alimfundisha hata kuutania. Mfuko ukinguruma mbele ya wageni, Kisu alisema, "Samahani, mpangaji wangu hana adabu."

Dawa zilimtoa nywele na hamu ya kula, zikaacha uvimbe palepale. Kila walipokwenda, daktari alivua miwani.

Bucha sasa ilikuwa mikononi mwa binti na Wembe. Binti Kisu alikuwa na mikono ya baba yake na akili ya kupanga ya mama yake. Alisimama mbele ya gogo kama aliyezaliwa hapo. Lakini mtaa ulikuwa umeanza kunong'ona. Mtu alisikia kwa mtu, aliyesikia kwa mwingine aliyekuwa hospitalini, kwamba Kisu ameugua kwa nyama yake mwenyewe. Neno lile, kama kawaida ya maneno, lilinenepa njiani. Mwishowe likawa kwamba nyama ya bucha ile ina saratani.

Siku moja Fundi alikwenda buchani kupeleka aproni safi. Binti alikuwa nyuma na Wembe ametoka. Aliingia mwalimu mstaafu, mama mtu mzima aliyenunua pale tangu Kisu akiwa kijana, akasimama mbele ya kioo cha kaunta bila kutaja kilo.

"Fundi, pole na mgonjwa."

"Nimepoa, mwalimu."

"Nina swali, na usinikasirikie. Nyama hii... ni salama?"

Fundi alifungua kinywa. Alitaka kusema kwamba ng'ombe amepimwa, muhuri ule pale, nyama haina saratani ya kumwambukiza mtu, huo ni uongo wa vijiweni. Hayo yote yalikuwa kweli. Alitaka pia kusema: mwalimu, usiile kila siku, na zile soseji kule nyuma ziache kabisa. Na hayo huenda yalikuwa kweli vilevile. Lakini soseji zile ndizo zilizoleta watu mlangoni, na watu hao ndio waliomlipia Kisu dawa. Akilisema la kwanza, atakuwa ameficha nusu; akilisema la pili, atakuwa amembomolea mumewe ukuta wa nyumba akiwa bado amelala ndani.

"Sijui, mwalimu," alisema.

Mwalimu alimtazama kwa huruma, akanunua mifupa ya mbwa wake, akaondoka. Baada ya hapo hakuonekana tena.

Jioni ile Fundi alimfuata binti kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa akining'iniza soseji ndani ya kabati la moshi, mstari baada ya mstari, zikimeta.

"Mwanangu, tuache hizi."

"Tukiziacha, Mama, tutamnunulia Baba sindano kwa kitu gani? Kwa mapambo ya sahani?"

"Usinifanyie utani wa baba yako."

"Sifanyi utani. Nakaa napiga hesabu, silali. Hizi ndizo zinazotuvusha." Alifunga mlango wa bati, akaegemeza paji la uso pale, ingawa palikuwa pa moto. "Unadhani mimi nimesahau uliyonisimulia ya daktari? Kila mtoto wa shule ninayemfungia moja namsikia daktari. Niambie la kufanya, nitalifanya."

 Fundi alichukua ufagio akafagia sakafu iliyokuwa imeshafagiliwa.

Kisu alikufa saa za adhuhuri, jua likiwa kali na redio ya jirani ikitangaza matokeo ya mpira. Siku mbili kabla yake aliamka akiwa na akili timamu kuliko alivyokuwa kwa wiki nyingi, akaomba aketishwe. Fundi alimwegemeza kifuani mwake. Alikuwa mwepesi, mtu ambaye zamani akikaa kitandani upande mmoja, yeye wa upande wa pili huinuliwa.

"Fundi," alisema, "unadhani ni nyama?"

Tangu siku ile kwa daktari hakuwahi kulitamka neno hilo ila kwa kulidhihaki. Fundi alisikia moyo wake ukienda mbio mgongoni mwa mumewe. Alifikiria kumwambia hapana, siyo, ni majaliwa, usijisumbue. Alijua kwamba angesadiki, au angejifanya kusadiki kwa ajili yake. Lakini walikuwa wameishi pamoja bila kudanganyana isipokuwa ile mara ya ndoo ya matumbo, na tazama ilipowafikisha.

"Sijui, mume wangu."

Kisu alitikisa kichwa polepole. "Na mimi sijui," alisema. "Nilikuwa natamani mmoja wetu ajue." Kisha akaomba maji. Alikunywa vijiko viwili, cha tatu kikamwagika kidevuni, Fundi akapangusa kwa kiganja.

Baada ya mazishi, wageni wakishatawanyika, ndipo mzigo ule wa pili ulipoanza kumwelemea Fundi. Alimwita binti na Wembe wakakaa sebuleni, akawaambia aliyoyasema daktari: mtoto wa mgonjwa, na ndugu wa tumbo moja.

Binti alikubali, kwa shingo upande. Walimpa dawa ya kusafisha tumbo, jagi zima la maji yenye ladha ya chumvi na ndimu bandia, na siku nzima alikimbia kati ya kitanda na choo huku akimlaani kila daktari tangu wa kwanza duniani. "Nikipona kipimo hiki, Mama, hakuna ugonjwa utakaoniweza," alisema kutoka ndani ya choo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Fundi alicheka kwa sauti. Kesho yake daktari yule yule aliingiza kamera. Alitoka nje akiwa na miwani usoni, na Fundi aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

"Tumekuta vijinyama viwili, vidogo," alisema. "Tumevikata. Havijawa saratani. Atarudi kupimwa kila baada ya muda tutakaompangia."

"Vingekuwa?"

"Huenda vingekuwa, huenda visingekuwa."

"Unajua na hujui," alisema Fundi.

"Ndiyo, mama. Lakini safari hii tumewahi."

Binti alirudi buchani na jambo la kwanza alilofanya ni kuliondoa kabati la moshi. Aliendelea kuuza nyama, maana hakujua kazi nyingine, akaongeza friji la samaki na kuku. Mteja akiagiza nyingi kuliko kawaida, alimwuliza, "Una wageni?" Wengine walicheka, wengine waliudhika wakahamia kwingine. Biashara ilisinyaa, ikawa ndogo ya kutosha watu wawili.

Wembe ndiye aliyekataa. Kwanza alisema ana kazi. Halafu alisema ana mafua. Fundi alipozidi kumwandama, akausema ukweli wake: "Shemeji, mimi ni mwanamume. Hakuna mtu ataniingiza bomba huko nikiwa mzima. Kaka alikuwa mnene, mimi mwembamba. Kaka alikuwa hatembei, mimi miguu yangu ndiyo gari langu. Na siku zikifika zimefika, hata ule majani kama sungura."

"Basi hata soseji punguza."

"Shemeji, unataka nife mara mbili?"

Yeye ndiye aliyechukua mashine ya kusaga na kabati la bati. "Vitu vya kaka yangu haviwezi kutupwa," alisema, na nani angemkatalia? Alikodi kibanda upande wa pili wa mtaa, akachora ubaoni soseji kubwa yenye miguu inayokimbia. Siku chache tu, foleni ikahamia kwake: wanafunzi kwanza, kisha walimu wao. Uvumi wa saratani ulisahaulika kama mvua ya juzi. Mtaa husahau haraka kitu chenye harufu nzuri.

Fundi alikwenda siku ya ufunguzi kwa sababu ni ndugu, na asingekwenda yangekuwa maneno. Wembe, aproni mpya shingoni, alikuwa akitania wateja kwa sauti ileile ya ukoo, hata Fundi akashtuka akageuka. Alimwona akikata ncha za soseji kwa kisu, akizitupia mdomoni moja baada ya nyingine huku mkono wa pili ukitoa chenji. Alisogea mbele. Alikuwa na maneno, aliyapanga njiani. Lakini mbele ya Wembe walikuwepo watoto, pesa mikononi, wamemkodolea macho wakidhani anataka kuwaruka kwenye foleni.

"Shikamoo," alisema mmoja wao, na akampisha.

Fundi aliitikia, akarudi nyuma.

Mke wa Wembe alimwona, akamvutia stuli kwenye kivuli cha ukuta, akakaa naye chini kwenye kreti la soda. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni. Walitazama foleni.

"Nimeshamwambia, dada," alisema mke wa Wembe. "Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ugomvi. Nimemnunia. Nimemletea na mjomba wake. Anasema nitampeleka kwa daktari siku nitakayombeba."

"Usichoke."

"Hivi wewe, wako alikuwa anakusikia?"

Fundi alifikiri. "Mwishoni," alisema.

Yule mwanamke aliinamisha kichwa. Alikuwa kama anataka kuuliza kitu na anaogopa jibu lake. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ambayo Fundi alilazimika kuinama ili aisikie, ni dalili gani huanza kuonekana, na azitafute wapi.

Fundi alimwambia. Alimwambia zote, bila kuona haya, kama mwanamke anavyomwambia mwenzake anayekaribia kujifungua. Mke wa Wembe alisikiliza macho yakiwa kwa mumewe, ambaye wakati huo alikuwa ameinua soseji juu kama mtu aliyeshinda kombe, foleni nzima ikicheka.

"Na nikiziona," aliuliza, "nitamfanyaje akikataa?"

Fundi aliuchukua mkono wake uliochubuka akauweka juu ya goti lake, na wakakaa hivyo, mpaka foleni ikaisha na Wembe akawaita waje wale.